Kosa la lugha katika sentensi isiyo na kosa

Jioni ya siku ya pili ya Idi, mimi na rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili, tulivuka feri kwenda Likoni kwenye tamasha la taarab. Mwalimu ni mzaliwa wa bara, ila amefundisha shule ya upili huko Changamwe miaka mingi kiasi kwamba watu wa mtaa wake wameshasahau kwamba si mpwani. Aliyetualika ni dada yetu mmoja wa Mtongwe, rafiki wa siku nyingi, ambaye huwa haachi Idi ipite bila kutukumbusha kuwa sisi wasomi twaijua taarab ya vitabuni tu.

Chombo kilichotuvusha kilikuwa MV Jambo. Mwalimu hawezi kulitazama jina hilo bila kunung'unika. Kwake, "jambo" pekee si salamu. Ni nusu ya salamu iliyokatwa kichwa, kwani anayesema "hujambo" hukuuliza kama huna jambo lililokusibu. Them Mushrooms walipotoa "Jambo Bwana" mwaka wa 1982, salamu hiyo ya watalii ilizunguka dunia nzima, na sasa serikali imeiandika kwenye ubavu wa feri. Nilimwambia aachane na hayo, twaenda kustarehe. Akanijibu kwa kunionyesha kalamu aliyoitia mfukoni mwa shati. Nami, nikiri tu, nilikuwa na yangu.

Dada alitupokea ng'ambo, tukapanda tuktuk hadi Shika Adabu. Msomaji ambaye hajafika Likoni asidhani nimelitunga jina hilo; ni mtaa wa kweli, na ni wadi ya uchaguzi pia. Uwanja ulikuwa umejaa. Viti vya plastiki vilipangwa safu kwa safu, wanawake mbele na leso zao mpya za Idi, wanaume nyuma na pembeni, watoto kila mahali na midomo myekundu kwa mabuyu. Moshi wa mishkaki ulikuwa ukituvamia kila upepo ulipogeuka. Tulinunua viazi karai, tukakaa safu ya kati, upande wa familia.

Kuhusu muziki wenyewe nitasema machache. Kinanda kimemeza kila kitu. Fidla hakuna, udi hakuna, na sauti zake zote zatoka kwenye kinanda kimoja ambacho mpigaji alikipandisha hadi spika zikakoroma. Kilichoniliwaza ni mpiga tabla, mzee mmoja mkimya, na mwimbaji wao mkubwa, mama wa makamo mwenye sauti nzito isiyohitaji kupigiwa kelele. Wazee waliokuwa nyuma yetu walizidi kuitisha nyimbo za Juma Bhalo, aliyefariki mwaka wa 2014, na kila zilipopigwa walizijua hadi vituo vya pumzi. Si ajabu. Nyingi ya nyimbo hizo zilitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, yule yule wa diwani ya *Malenga wa Mvita* iliyochapishwa mwaka wa 1971. Aliyeandika alikuwa mshairi kamili, na aliyeimba alijua kwamba neno ndilo linalobebwa na sauti, si kinyume chake.

Shida yetu ilikuwa mshereheshaji. Kijana mtanashati, suti inang'aa, kipaza sauti hakimtoki mkononi. Kufikia saa tatu usiku, mimi na Mwalimu tulikuwa tumemwandikia makosa kumi na manne. "Tuko na wasanii" badala ya "tuna wasanii". "Hii wimbo". "Masaa mawili yamebakia". "Ningependa kuchukua fursa hii", ambayo si kosa la sarufi lakini ni msemo uliochakaa kwa kuchukuliwa na kila mtu. Mwalimu alikuwa akiyapanga kwa aina: upatanisho, umbo la nomino, tafsiri sisisi. Dada alituchungulia mara moja akatuuliza, "Nyinyi mmekuja kusikiza ama mmekuja kusahihisha mitihani?" Tuliona haya kidogo, ila kalamu hatukuziweka.

Basi ukaja wimbo mmoja ambao sikuwahi kuusikia. Mama yule aliuimba polepole. Ni malalamiko ya mtu aliyemwazima jirani yake mbuzi ya kukunia nazi, mbuzi nzuri ya urithi, yenye meno makali. Ikakaa huko. Mwenyewe akawa akila wali mkavu na kunyamaza, kwa kuwa ujirani ni bora kuliko tui. Iliporudi, ikarudi haina meno. Ni hayo tu. Hakuna jina, hakuna mtaa, hakuna tusi. Ukimpigia mtoto wa miaka sita wimbo huo atacheka, afikirie habari za jikoni.

Ubeti wa tatu ulipoanza, mwanamke mmoja aliyekuwa safu ya mbele aliinuka. Alitembea taratibu hadi jukwaani, noti mkononi, akamtunza mwimbaji. Lakini kabla hajaiacha ile noti, aliuzungusha mkono wake hewani mara mbili, na macho yake yakapita juu ya vichwa vyetu kuelekea upande fulani. Kisha akarudi kukaa. Wengine wakaanza kushangilia, na kina mama wawili watatu wakapiga vigelegele.

Hapa yafaa nisimame kidogo, maana kuna wasomaji wanaodhani kutunza (wengine husema kutuza) ni kumlipa tu msanii. Kelly Askew, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyewahi kuimba katika vikundi vya taarab vya Tanga, ameeleza kwa kina katika kitabu chake *Performing the Nation* cha mwaka wa 2002 jinsi mtunzaji anavyouchukua wimbo wa mtu mwingine akaufanya kauli yake. Mtunzi ameandika kwa ajili ya wote. Anayeinuka na noti katika ubeti fulani, akamtazama mtu fulani, huwa ametia sahihi yake hapo. Na kwa vile hakutamka neno, hawezi kushtakiwa kwa neno. Akiulizwa, atasema wimbo umempendeza. Aliyelengwa naye ana hiari: aweza kuelewa, aweza kujifanya hakuelewa, aweza hata kuinuka akatunza ubeti wa pili kujibu.

Wimbo ulipokwisha, mshereheshaji alipanda mbele akiwa na furaha ya mtu aliyepata kazi. Akasema, nami naikariri kwa sababu niliiandika: "Mabibi na mabwana, mbuzi inayotajwa katika wimbo huu ni ishara ya mume, na aliyeiazima ni jirani asiye na haya ambaye huchukua waume wa wenzake." Kisha akaongeza kwa mzaha, huku akionyesha kwa kidole upande ule ule uliotazamwa na yule mama, kwamba nadhani mwenye habari zake amezipata.

Sentensi ile nimeirudia mara nyingi tangu siku hiyo. Haina kosa. Upatanisho wake wa kisarufi ni timamu, virejeshi vyake vimekaa mahali pake, msamiati ni wa kitabuni. Ndiyo sentensi ya pekee ya usiku ule ambayo Mwalimu aliisikiza hadi mwisho bila kuigusa kalamu yake. Na ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Vichwa vyote viligeuka. Safu mbili nyuma yetu alikuwa amekaa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na mtoto amemlalia mapajani. Watu walicheka. Yeye alitazama chini muda mfupi, akampandisha mtoto begani, akachukua kandambili za mtoto mkono mmoja, akatoka. Ilibidi apite mbele ya watu wote hadi langoni. Kinanda kilikuwa kimekwisha anza wimbo mwingine.

Dada yetu alikuwa amejishika kichwa. "Huyu kijana atatuvundia mtaa," akasema. Tulimuuliza kama anawajua. Akasema anawajua wote wawili, na habari ya mume haimo hata chembe. Ni fedha za chama. Yule aliyetunza ndiye mweka hazina. Yule mwenye mtoto alipewa zamu yake mapema kwa kuonewa huruma, mtoto alipougua, na tangu hapo michango yake ikawa yaja nusu, mara haiji. Kina mama wenzao walikuwa wakijua, ila hakuna aliyelisema hadharani. "Wimbo ule ulikuwa wamtosha," Dada akaeleza. "Angeusikia, angejua kwamba mwenzake amechoka kungoja. Kesho angekwenda na sahani ya kaimati, wangekaa ndani, wangekubaliana. Sasa ataendaje? Mtaa mzima washamfanya mchukuzi wa waume za watu."

Wataalamu wa pragmatiki wametufunza kwamba maana ya usemi haimo ndani ya sentensi pekee. Imo pia katika nani asema, kwa nani, mbele ya nani. Tunalifundisha hilo vyuoni kwa mifano ya "hapa kuna joto" yenye maana ya "fungua dirisha". Lakini fumbo la taarab limekwenda mbali zaidi ya hapo. Lina wasikilizaji wa ngazi kadhaa kwa wakati mmoja. Sisi wageni tulisikia kichekesho cha jikoni. Mtaa ulisikia kwamba kuna watu wawili wana jambo. Wahusika wawili walisikia deni. Kila mmoja alipata kiasi chake, na hakuna aliyepewa kisichomhusu. Kijana yule alizibomoa ngazi zote kwa mara moja, halafu, kwa kuwa hakuijua siri, akaweka siri nyingine mahali pake.

Tuitazame na lugha yenyewe. Kitenzi ni kufumba: twafumba macho, twafumba kinywa, twafumba mkono. Kinyume chake ni kufumbua. Mwenye haki ya kulifumbua jicho ni mwenye jicho, na anayekifumbua kinywa cha mwenzake kwa nguvu huyo ni daktari wa meno ama ni adui. Methali nayo yasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kugangua ni kitenzi cha waganga: ni kuutengua uganga uliofungwa. Waliosema hivyo hawakuwa wakidhani fumbo ni pambo la kuufanya wimbo uwe mtamu. Walilichukulia kuwa kitu chenye nguvu, ambacho asiyejua kukitengua kinaweza kumrukia.

Simaanishi kwamba taarab haikuwahi kusema waziwazi. Siti binti Saad, mwanzilishi wa kurekodi muziki huu, ambaye mwaka wa 1928 alikwenda Bombay kutia sauti yake kwenye santuri, ana wimbo juu ya mauaji ya mwanamke huko Unguja unaoitwa kwa jina la mtuhumiwa: "Kijiti". Na tangu miaka ya 1990, mipasho ya Unguja na Dar es Salaam imetuzoesha maneno makavu ya uso kwa uso. Kuna mahali pa kusema wazi. Mauaji hayafichwi kwa mbuzi ya nazi. Ila wimbo ule wa Shika Adabu haukuwa mpasho, na aliyeuchagua, nina hakika, aliuchagua kwa sababu hiyo.

Tulipokuwa tukinywa kahawa tungu nje ya lango, nilimmwagia Mwalimu hasira zangu zote. Nilidhani tungekubaliana, lakini yeye alinijibu kwa jina la Muyaka bin Haji. Akaniuliza: mashairi ya Muyaka wewe uliyaelewaje? Nikanyamaza, maana nilijua anakokwenda. Muyaka alitunga Mombasa hii katika enzi za Wamazrui na ugomvi wao na Seyyid Said, na aliwapiga watu kwa mafumbo ambayo leo, tukiachiwa maneno matupu, tusingeyaelewa hata robo. Tunayaelewa kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya mashairi hayo, akashirikiana na mmishonari W. E. Taylor, na akaandika maelezo: hapa alimlenga fulani, hapa neno hili ni mafumbo ya vita fulani. Karatasi hizo zikaishia London, na ndizo zilizowawezesha kina Hichens, na baadaye Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz katika kitabu chake cha mwaka wa 1979, kutufungulia Muyaka. "Bila mfumbuaji," akasema Mwalimu, "Muyaka angekuwa amekufa mara mbili."

Hoja hiyo ni nzito na sitaki kuipuuza. Kazi yangu mwenyewe, safu hii ikiwemo, ni kufumbua. Lakini tarehe zina neno. Muyaka alifariki mnamo 1840. Taylor alifika pwani hii katika miaka ya 1880, na Mwalimu Sikujua akafariki mwaka wa 1890. Yaani maelezo yale yaliandikwa yapata nusu karne baada ya mtunzi kuzikwa, wakati Wamazrui wameshaondolewa Ngome na waliotukanwa wengi wao wamo makaburini. Mashairi yalikuwa yamepoa. Sikujua hakusimama barazani Muyaka angali akisoma, akamwonyesha mtu kidole. Na alikuwa na sifa moja zaidi ambayo mshereheshaji wetu hana: alikuwa anajua. Mwenyeji wa Mombasa, amewauliza wazee, amelinganisha. Kijana wetu alibahatisha. Alisikia mbuzi, akasikia jirani, akachota jibu la kwanza lililo karibu, ambalo katika taarab siku hizi ni mume.

Hata Abdilatif Abdalla, ndugu yake Ahmad Nassir, aliandika akiwa gerezani, baada ya kufungwa kwake mwaka wa 1969, shairi lake la "Mamba", ambalo limo katika *Sauti ya Dhiki* ya mwaka wa 1973. Leo kila mwanafunzi anajua mamba ni nani. Je, ingekuwaje mtu angesimama uwanjani wakati ule, akipaza sauti, akaeleza mamba ni nani na shairi ni la nani? Tungemwita mhakiki ama tungemwita jina jingine?

Mwalimu alikaa kimya hadi kikombe kikaisha. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwake: "Yule ni mwanafunzi wetu." Akaeleza. Katika mtihani, mtahiniwa huletewa wimbo ama shairi, akaulizwa: fafanua ishara iliyotumika, alama mbili. Jibu ni moja. Mbuzi ni ishara ya nini? Andika, chukua alama zako, nenda swali la pili. Hakuna swali linalomuuliza wimbo huo uliimbwa kwa nani, wala nani alikuwa amekaa safu ya nyuma, wala kama wafaa kufafanuliwa. Mtoto aliyepita katika mikono yetu miaka minne hatoki akijua kwamba kulielewa fumbo ukanyamaza nako ni kulielewa. "Mimi," akasema Mwalimu, "kwa sentensi ile ningempa alama zote mbili."

Nilitaka kumbishia, sikupata pa kuanzia. Niliitoa ile karatasi yangu ya makosa kumi na manne nikaisoma tena chini ya taa ya muuza kahawa. "Tuko na". "Hii wimbo". "Masaa". Ni makosa kweli, na wiki ijayo nitayarudia katika safu hii maana wasomaji wengine wameniuliza kuhusu hilo la "saa" na "masaa". Lakini hakuna hata moja katika hayo lililomtoa mtu kitini.

Siku nne baadaye nilimpigia Dada simu. Akanieleza yaliyofuata. Mweka hazina yule aliona vibaya mno. Hakukusudia mwenzake aitwe mzinzi, tena mume anayedaiwa kuazimwa angekuwa ni wake yeye. Akazunguka nyumba hadi nyumba kuwaambia watu kwamba si habari ya mume, si hivyo kabisa. Na kila alipokwenda aliulizwa: basi ni habari ya nini? Ili amsafishe mwenzake na uzinzi, ikambidi amtangazie deni. Sasa mtaa wajua kiasi, wajua na miezi. Mwenye mtoto amehamia kwa mamake, ng'ambo ya Kisauni, na hajulikani atarudi lini. Chama kimesimama.

Nilimwomba Dada ruhusa ya kuandika. Alisita, akaniuliza nami nitakuwa nafanya nini kama si kufumbua mara ya tatu. Mwishowe akanikubalia kwa sharti moja: nibadilishe chombo kilichoimbwa. Nimekibadilisha, na sentensi ya kijana nikailinganisha nacho.